Ndoo yangu ya maganda inanuka nyumba nzima: nimekosea wapi?

"Assalamu alaykum. Naishi Mpendae, Unguja, nyumba ya kupanga yenye uani mdogo, kama hatua nne kwa tano. Wote umetiwa saruji isipokuwa pembe moja yenye mgomba na mpapai. Tuko watu saba. Taka zetu nyingi ni za jikoni: maganda ya ndizi na muhogo, machicha ya nazi, mabua ya mchicha, tungule (nyanya) zilizoharibika. Kila siku hujaa ndoo ndogo ya lita tano. Gari la taka hupita likipenda, na mfuko ukikaa siku tatu, paka na kunguru wameshautawanya. Nilisikia taka hizi hufanywa mbolea, basi mwanzo wa Ramadhani nikachukua ndoo ya rangi ya lita 20, nikawa natia kila kitu na kufunga kifuniko barabara harufu isitoke. Ilipojaa nikaiacha ioze. Wiki ya pili nilipoifungua nilikaribia kutapika: funza na maji meusi. Jirani akaniambia nitie majivu. Nimetia ya jiko zima, sasa inachoma macho. Mwengine ananiambia ninunue dawa ya kuozesha. Mama mkwe ameshasema uchafu huu utoke. Je, jambo hili linawezekana mjini, au ni la watu wa shamba? Na ile ndoo niifanye nini?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Linawezekana mjini, na uani wako unatosha. Kuhusu ulipokosea nina maneno mengi kidogo, nakuomba uyasome kabla hujaibeba ile ndoo kwenda kuimwaga. Mtaroni hasa usimwage. Mvua za masika zikishika, kilichomo kitakwenda kutokea mlangoni kwa mtu mwengine.

Kwanza nikuondolee lawama. Ulifunga kifuniko kwa kupenda usafi, kama angefanya kila mwenye nyumba yake, na kifuniko kile ndicho kilicholeta harufu. Mama mkwe naye ana haki ya kukasirika. Pua yake imemwambia kweli: kilichomo ndani ya ndoo ile si mbolea na hakielekei kuwa mbolea.

Tuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya, kuoza na kuvunda. Majani yanayoanguka msituni Jozani huoza mwaka mzima, na hakuna anayepita pale akaziba pua. Matumbo ya samaki yaliyosahauliwa ndani ya mfuko huvunda kabla ya adhuhuri. Wenzangu wengine huiita mbolea hii "mbolea vunde", jina ambalo kwa maoni yangu limeitia nuksi, kwa sababu mtu akilisikia huutarajia uvundo na akiupata hudhani mambo ni sawa. Mimi huiita mboji. Mboji iliyokwenda vizuri hunuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza, tangu siku ya mwanzo mpaka siku ya kuitumia.

Kinachotenganisha hali hizo mbili ni hewa. Maganda yako huliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, bakteria na kuvu, na viko vya namna mbili. Vipo vinavyohitaji oksijeni kama sisi. Hivi hula haraka, hutoa joto, mvuke na hewa ya kaboni, na havinuki. Vipo vingine vinavyoishi pasipo hewa. Hivyo hula polepole na kutoa asidi, gesi ya metheni isiyo na harufu, na gesi ya salfa yenye harufu ya yai viza. Vyote viwili viko tayari juu ya kila ganda unalomenya, na hali ya ndani ya ndoo ndiyo huamua vipi vitawale.

Sasa fikiria ndoo yako. Tungule ni maji zaidi ya asilimia 90, na mchicha hauko mbali nayo. Siku ya tatu zile tungule zimelainika, maji yake yameshuka chini, mabua yamelala juu ya maganda na maganda juu ya machicha, na nafasi ndogo zilizokuwa baina yao zimejaa maji. Ndoo haina tundu, maji hayana pa kwenda. Juu kuna kifuniko. Vijidudu vinavyopumua vilikwisha kufa kabla ya wiki ya kwanza kumalizika, na wale wengine wakabaki na nyumba yao.

Kuna jambo la pili, nalo ni chakula chenyewe. Vijidudu hivi hutaka mlo wenye mizani: kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Ukiona hesabu hiyo inakuchosha, chukua mfano wa sinia. Taka kavu, yaani majani makavu, maranda ya seremala, maboksi yaliyochanwa, makumbi yaliyopondwa, ndiyo wali. Taka mbichi za jikoni ndiyo mchuzi. Wewe umemimina mchuzi ndoo nzima bila ya punje ya wali. Naitrojeni iliyozidi haina wa kuishika, hugeuka amonia.

Hapo ndipo majivu yalipoharibu zaidi. Jirani alikuwa na nia njema, na ni kweli majivu hukausha kidogo na huwakera nzi. Lakini majivu ya kuni na makaa yana tabia ya magadi, na amonia ikikutana na kitu cha namna hiyo huruka. Ile inayokuchoma macho ndiyo mbolea yenyewe inayoondoka kwenda kwa majirani. Hapa Zanzibar nina sababu nyingine ya kuwakataza watu majivu mengi na chokaa. Sehemu kubwa ya kisiwa, hasa mashariki na kusini ya Unguja, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wake tayari umeelemea upande huo wa magadi. Mpapai au mchungwa uliopandwa kwenye udongo kama huo mara nyingi hutoa majani ya manjano yenye mishipa ya kijani, kwa kuwa madini ya chuma yamo ardhini lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Ukiongeza mboji iliyojaa majivu, unazidisha maradhi. Kiganja kimoja kwa wiki hakina neno, karai zima ni kosa.

Na dawa ya kuozesha? Usinunue. Kiganja cha udongo mzuri kutoka chini ya ule mgomba wako kina vijidudu vingi kuliko utakavyohitaji. Dawa ya kupuliza nzi nayo usiifikirie kabisa, kwa sababu unachopuliza leo utakila kwenye papai.

Ndoo yako inaokoleka. Ngoja siku kavu, vaa glavu, tandika polo la mchele pale penye udongo, umwage ndoo yote. Uwe umeshatafuta ndoo tatu za maranda makavu au majani makavu yaliyovunjwavunjwa. Changanya kwa jembe au kwa mti mpaka usione tena maji yanayong'aa, na kama bado inateleza ongeza maboksi yaliyochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Utasikia harufu kali kwa nusu saa hivi, halafu itapungua, na siku ya pili utashangaa. Kama jirani ana kuku, wakaribishe kabla hujafunika, maana funza wale kwao ni karamu. Nzi wa nyumbani katika joto letu hutoka yai hadi kuwa nzi kwa siku saba hadi kumi, kwa hiyo hao waliomo usipowashughulikia wiki hii, wiki ijayo watakuwa sebuleni.

Baada ya hapo tuanze upya na chombo kinachofaa. Ndoo ya lita 20 ni ndogo mno kwa watu saba. Unatoa lita tano mbichi kwa siku, ukiongeza taka kavu mara mbili yake unafika lita 15. Pipa la lita 200 kwa hesabu ya karatasi lingejaa kwa wiki mbili, lakini taka huzama kadiri zinavyoliwa, na pipa kama hilo huchukua mwezi mmoja na siku kadhaa kujaa kweli. Tafuta mawili. Yawe yalitiwa mafuta ya kula au sabuni, kamwe yasiwe ya dawa za mashamba, hata ukiambiwa yameoshwa mara kumi. Pasha msumari mnene moto, utoboe tundu pembeni pote na chini, shibri moja baina ya tundu na tundu, zisizidi upana wa kalamu ili panya asipite. Uliweke juu ya matofali manne pale pembeni penye mgomba, chini ya kivuli. Likichuruzika, lichuruzikie mizizi, na mgomba utashukuru. Kifuniko kibaki, kwa ajili ya mvua na kunguru. Tundu za pembeni ndizo zitakazopumua.

Chini kabisa tia vijiti na makumbi yaliyochanwa, kina cha shibri, ili maji yasikae. Kisha kila jioni tia taka za siku ile zilizokatwakatwa, na juu yake taka kavu mara mbili yake kwa ujazo. Nina kanuni moja tu ninayowashikilia watu: ukifunua pipa, kitu cha kwanza kuonekana kiwe kikavu. Ukiona ganda, kazi ya jana haijamalizika. Nzi hapendi kutaga juu ya maranda makavu. Mara mbili kwa wiki chukua kipande cha nondo, choma mpaka chini sehemu sita au saba, uzungushe kidogo, hewa iingie. Pipa la kwanza likijaa anza la pili, na lile la kwanza liache likiwa linachomwa nondo vivyo hivyo. Hapa hesabu itakubana, nakwambia mapema. Mboji huchukua miezi mitatu hivi kuiva, na pipa la pili litajaa kabla ya hapo. Basi baada ya mwezi hivi lihamishe la kwanza ndani ya mapolo ya mchele, yale yaliyosukwa kwa plastiki, yanayopitisha hewa. Yapange ukutani kivulini, yamalizie huko. Hayanuki, na wageni watadhani ni makaa.

Kujua kama mambo yanakwenda sawa huhitaji chombo. Tia mkono kina cha kiwiko, shika kiganja kimoja cha taka za katikati, ukamue kama unavyokamua nazi. Matone mawili matatu yakitoka baina ya vidole, unyevu ni sawa. Yakichuruzika kama tui, ongeza maranda na uchome nondo leo hiihii. Ukifungua kiganja na taka zikatawanyika kama chenga za mkate mkavu, nyunyiza maji, kata moja au mbili. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, pipa hukauka na watu hulalamika kwamba limelala halifanyi kitu. Wakati wa masika malalamiko huwa kinyume chake.

Mimi mwenyewe masika yalinifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kule Pemba, niliwachimbisha wanafunzi wa skuli moja shimo la mita nzima la kutia taka za bustani, mwezi wa Machi, kwa sababu kitabu nilichosomea kilisema shimo. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya nchi kavu. Mwezi wa Aprili shimo likawa dimbwi jeusi lenye vyura, mwalimu mkuu akaja kuniuliza kwa upole kama hii ndiyo mbolea yenyewe. Tulilifukia. Tangu siku hiyo kwa visiwani nasema: panda juu, usichimbe chini, ila kwa jambo moja nitakalolitaja.

Sasa vitu vyenyewe, maana najua utasimama na ganda mkononi ukijiuliza. Maganda yote ya matunda na mboga ni sawa, na ndimu na machungwa pia, usiamini wanaosema ndimu huua. Huchelewa tu. Maganda ya mayai yaponde. Majani ya chai tia, lakini vile vifuko vyake vingine vina nyuzi za plastiki, vipasue umwage kilichomo. Machicha ya nazi yana mafuta, yakiachwa bonge moja huchacha na kuita chungu, yaani sisimizi, kutoka mtaa wa pili. Yatawanye kama chumvi, uyachanganye papo hapo na maranda. Na ukiweza kufuga kuku wawili watatu, au jirani anao, machicha, wali uliolala na vipande vya boflo vyende huko kwanza. Chakula kilichopikwa na mafuta sikipendi ndani ya pipa la mjini. Huoza, hilo sikatai, lakini panya atakijua siku hiyohiyo.

Makumbi mazima yatakaa miaka. Yachane uyaponde yawe kama usumba, ndipo yatakuwa taka kavu nzuri, na hapa hayanunuliwi. Vifuu havimo kabisa, vifanye kuni. Maranda uombe kwa seremala wa mbao za kawaida. Ya mbao za gundi, zilizopakwa rangi au zilizotiwa dawa ya mchwa yakatae. Majani ya mkungu yanayoanguka barabarani ni hazina ambayo watu wanaifagia na kuichoma kila asubuhi, jambo linaloniuma kila ninapopita. Ukipata mwani uliotupwa ufukweni, uoshe au uuache mvuani siku kadhaa chumvi itoke.

Mifupa, magamba na matumbo ya samaki ndilo lile jambo la shimo. Usitie ndani ya pipa. Chimba chini ya mgomba kina cha mkono mzima mpaka begani, tia, fukia, kandamiza, weka jiwe juu ili paka wasifukue. Mavi ya paka na mbwa, pampasi na taka za mgonjwa hazimo, na sababu yake ni joto. Biwi kubwa, mita moja kila upande, hupanda mpaka nyuzi 55 au 65 na kuua vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu. Ukichomeka nondo ndani yake dakika tano, hutaweza kuishika. Pipa lako halitafika huko. Nondo yako itatoka vuguvugu, kama birika la chai lililosahauliwa saa nzima, na joto hilo linatosha kuozesha ganda la ndizi lakini halitoshi kusafisha kinyesi.

Siku moja utaona mabuu makubwa meupe, manene kama dole gumba, yamejikunja, yenye kichwa cha kahawia. Wengi huyafurahia wakidhani ni dalili ya rutuba. Yanaweza kuwa watoto wa chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe anayetoboa kitovu cha mnazi. Hutaga penye takataka zinazooza na magogo ya minazi yaliyolala. Mjini pengine huna mnazi, lakini jirani anao, na huyu huruka usiku. Yaokote uwape kuku. Ukichoma nondo na kugeuza mara kwa mara hayatapata nafasi ya kukua. Wale funza wadogo bapa, wa kijivu, wenye ngozi ngumu, ni wengine. Ni watoto wa nzi mwembamba mweusi anayefanana na nyigu, haumi, hatui kwenye chakula chako, na hula taka haraka kuliko sisi tunavyozitoa. Hao waache.

Ziko njia nyingine na sitaki udhani pipa ni la lazima. Biwi la wazi ndani ya duara la wavu hutoa mboji bora kuliko pipa, lakini linataka nafasi na taka nyingi kwa mpigo, na kwako kunguru wangelifanya soko lao. (Kunguru hawa, kwa taarifa, si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji. Kazi waliyopewa wameifanya kwa bidii iliyopita kiasi.) Kufuga nyungunyungu ndani ya visanduku ni njia safi, ila chungu na joto la kaskazi huwamaliza, nami nimeona watu wengi wakianza na wachache wakiendelea. Kuna na njia ya wavivu, ambayo sina haya kuisema: kila siku kufukia taka chini ya mgomba, leo hapa kesho pale. Kwa watu wawili inatosha. Kwa watu saba pembe yako itajaa kwa wiki tatu.

Mboji ikiiva utaijua: nyeusi, nyepesi, hutambui tena ganda wala bua. Ukiwa na shaka, tia kiganja kimoja kilicholowa kidogo ndani ya chupa, funga, fungua baada ya siku tatu. Ikinuka udongo, iko tayari. Ikinuka kitu kingine, irudishe kwenye polo. Pipa lililojaa litakupa kiasi cha theluthi yake, usije ukadhani umeibiwa. Changanya sehemu moja ya mboji na mbili za udongo kwa mchicha, pilipili au tungule za kwenye makopo, na mpapai umwagie duara, mbali kidogo na shina.

Kuhusu taka za nyumba kwa jumla, sitakudanganya kwamba mfuko utatoweka. Plastiki, pampasi, vikopo vitabaki. Lakini kwa nyumba kama yako zaidi ya nusu ya uzito wa mfuko ni hizi mbichi, na ndizo zinazonuka, zinazovuja na zinazowaita paka. Zikitoka, kilichobaki kinaweza kungoja gari hata wiki bila ya fujo. Huko mbele pia kuna faida. Taka mbichi zinazofika jaa la Kibele hufukiana zenyewe kwa zenyewe bila ya hewa, na kinachotokea huko ndicho kilichotokea ndani ya ndoo yako, kwa ukubwa wa mji mzima.

Mambo machache hayafai kuamuliwa kwa barua. Kama uani wenu una kisima, au jirani anacho ndani ya hatua thelathini, usiweke chochote kabla afisa afya hajafika kuangalia. Mawe yetu ya matumbawe yana nyufa, na maji machafu hupita humo haraka kuliko kwenye udongo mzito. Ukiona panya wanakaa ndani ya pipa na si kupita tu, acha kutia taka, usiguse kwa mikono mitupu, na uombe msaada, kwa sababu mkojo wao una maradhi ya homa mbaya. Mwenye pumu ndani ya nyumba asigeuze mboji kavu, vumbi lake lina ukungu, na wewe mwenyewe ufunike pua. Ukijikata na nondo ile, nenda hospitali ukaulizie sindano ya pepopunda siku hiyohiyo. Na kwa kuwa mmepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla ya mapipa kufika. Akiwa mgumu, sheha, kiongozi wa mtaa wenu, anaweza kuwakalisha pamoja.

Mama mkwe mwachie mimi. Mwulize tu, wakati wa kumenya mihogo ya futari, jaa la kwao zamani lilikuwa wapi, na kitu gani kilikuwa kikiota pale bila ya kupandwa. Akianza kukuhesabia maboga, tungule na migomba, mpe kisu cha pili akukatie maganda madogomadogo.